Nyuso Zimekuwa za Majivu: Barua ya Mchoraji Anayejifunza Rangi za Mafuta

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Morogoro. Ujana wangu niliuanza na Tingatinga, rangi za kopo juu ya hadibodi, twiga na ndege, kisha nikahamia kwenye mabango ya saluni, gereji na maduka ya dawa. Kazi hii inanilisha na siionei haya. Ila mwaka huu niliona picha moja mtandaoni, The Banjo Lesson, yaani Somo la Banjo, ya mchoraji Mmarekani Henry Ossawa Tanner, na tangu hapo sijatulia. Mzee amekaa kitini, mtoto amesimama katikati ya magoti yake ameshika banjo, ala ya nyuzi kama gitaa, iliyomzidi ukubwa, na wote wawili wanatazama vidole vya mtoto. Nilimuona babu yangu mzaa mama, aliyenifundisha kuchonga mipini ya majembe nikiwa na umri kama wa yule mtoto. Nikasema rangi za mafuta nitajifunza kwa kuinakili picha hii na si nyingine.

Mwalimu, imenishinda. Nilichukua hadibodi ya sentimita 60 kwa 40, nikaipaka yote nyeusi ya kopo kama tulivyozoea, nikatoa chapa ya picha pale stesheneri na kuanza kuchora kwa macho. Mzee amerefuka, hafanani. Nyuso zimetoka za majivu, na kila nikiongeza nyeupe ili zing'ae ndivyo zinavyozidi kufa. Nilitia mafuta ya kitani kwa wingi nikitaka ule mng'ao wa rangi ya kopo. Sasa koti la mzee halikauki, juu limejikunja na ukiligusa linanata.

Halafu kuna maneno. Mwenzangu wa kijiweni ananiambia kunakili kazi ya mtu ni wizi. Mgeni mmoja mwenye hoteli ameiona hivyo hivyo ilivyo, anataka nimalizie aninunulie, lakini niweke jina langu tu, la Tanner lisionekane. Na mama yangu alipoiona alikaa kimya, kisha akaniambia: "Huyu mzee simjui. Mweke baba yangu hapo." Picha ya babu tuliyonayo ni moja tu, ile ya kitambulisho.

Niendelee au niache? Na kama ni kuendelea, nianzie wapi?

Mchoraji wa Mabango, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Usiache. Bao hilo ndilo la kuweka kando, picha ubaki nayo. Umechagua vizuri kuliko wanafunzi wengi ninaowaona wakianza na sura za watu mashuhuri kutoka kwenye simu. Picha uliyoichagua ina chumba, ina watu wawili wa ukoo mmoja, na ina tatizo moja kubwa la mwanga ambalo mchoraji wake alilitatua mbele ya macho yako. Ukilielewa tatizo hilo, utakuwa umejifunza sehemu kubwa ya rangi za mafuta. Lakini kwa sasa unanakili vitu: koti, kiti, banjo, uso. Nataka unakili maamuzi ya Tanner. Mengine yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Nianze na bao, kwa sababu hata mkono uwe mzuri kiasi gani, juu ya nyeusi ya kopo hutafika. Rangi ya kopo ikikauka huwa ngumu na laini kama kioo, na rangi ya tyubu, yaani ya mafuta, haipati pa kushika. Tena zinakauka kwa namna mbili tofauti. Ya kopo umeizoea: leo umepaka, kesho unabeba bango. Ya tyubu imesagwa kwenye mafuta ya kitani, na mafuta hayo hayapotei hewani kama maji. Yananyonya oksijeni taratibu na kugeuka utando mgumu. Tabaka jembamba linaweza kuchukua siku chache, nene wiki nyingi, na msimu wa mvua huko kwenu chini ya Uluguru litachelewa zaidi. Ulipotia mafuta mengi, ngozi ya juu ilikauka kwanza ikiwa imefunika mafuta mabichi chini yake, ikatanuka, ikajikunja. Koti hilo halina dawa.

Kanuni ya zamani ya kazi hii ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko lililo juu yake. Kwa hiyo unaanza na rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini kidogo, katikati unatumia rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, na matone ya mafuta ya kitani unayaacha kwa miguso ya mwisho. Mng'ao usiutafute kwenye mafuta. Utaupata kwenye vanishi, nayo hupakwa picha ikishakauka ndani na nje, miezi sita au zaidi baada ya kumaliza. Usizimue kwa mafuta ya taa wala petroli, hata tapentaini ikiwa ghali. Na jambo ambalo fundi wa rangi za kopo huenda hajawahi kuambiwa: tambara lenye mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa kwenye kona linaweza kupata joto lenyewe na kuwaka moto. Litandaze nje likauke, au lilowekwe kwenye ndoo ya maji kabla ya kulitupa. Unafanya kazi nyumbani penye watoto, usilisahau hili.

Chukua hadibodi nyingine. Ipake gesso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya msingi, mara mbili au tatu, ukipitisha msasa mwembamba kati ya tabaka na tabaka. Kabla ya hapo, ikate.

Nasema ikate kwa sababu urefu wa mzee haukutokana na jicho lako. Picha ya Tanner ina sentimita 124.5 kwenda juu na 90.2 kwenda pembeni. Gawanya, utapata karibu 1.38. Bao lako la 60 kwa 40 linakupa 1.5. Ulipotaka picha ijaze bao lote, uliwavuta wote wawili kwenda juu bila kujua. Kwa upana wa sentimita 40, urefu unaotakiwa ni 55. Na hapo mambo yanakuwa mepesi: 55 kwa 40 inagawanyika kuwa miraba ya sentimita 5, 8 kwa pembeni na 11 kwa juu. Stesheneri waambie wakutolee chapa ya sentimita 22 kwa 16, uichore miraba ya sentimita 2, nayo itatoka 8 kwa 11. Mraba kwa mraba, unahamisha mistari. Wewe umekuza herufi kwenye kuta za maduka kwa njia hii hii, sioni kwa nini uso uuhamishe kwa kubahatisha.

Sasa twende kwa Tanner mwenyewe, maana hapa ndipo penye somo lako.

Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1859. Baba yake alikuwa mchungaji, mama yake alizaliwa utumwani. Alisoma uchoraji Philadelphia chini ya Thomas Eakins, akahamia Paris mwaka 1891, na The Banjo Lesson aliichora mwaka 1893. Leo iko katika jumba la makumbusho la Hampton University, Virginia. Wakati ule Marekani ilikuwa imejaa picha na michezo ya jukwaani iliyomwonyesha Mweusi na banjo kama kichekesho, anakenua meno akiwafurahisha wengine. Na banjo yenyewe asili yake ni vyombo ambavyo Waafrika waliochukuliwa utumwani walivikumbuka na kuviunda upya ng'ambo. Tanner alichukua chombo kile kile na watu wale wale, akawaweka nyumbani kwao. Hakuna anayetumbuiza. Mzee anafundisha, mtoto anajifunza, na hata mmoja hakutazami wewe.

Uamuzi uliobeba jambo hilo ni mwanga. Kuna mianga miwili. Wa kwanza unaingia kutoka kushoto, ni wa mchana, wa baridi, una ubluu ndani yake. Wa pili unatoka kulia, ni wa moto wa mekoni, wa joto, karibu na rangi ya chungwa. Inakutana juu ya wale watu wawili. Kila mahali kwenye nyuso na mikono yao lazima ujiulize: hapa ni dirisha, ni moto, au hakuna hata mmoja? Wewe hukujiuliza hivyo. Ulijiuliza "ngozi ni rangi gani?", ukachanganya kahawia moja, penye kung'aa ukatia nyeupe. Majivu yametoka hapo.

Majina ya rangi nayaandika kama yalivyo kwenye tyubu ili dukani usipotee. Nunua tano tu: Burnt Umber (kahawia nzito), Burnt Sienna (kahawia yenye wekundu), Yellow Ochre (njano ya udongo), Ultramarine (bluu) na Titanium White (nyeupe). Nyeusi usinunue. Kwanza inakauka polepole, haifai kuwa chini, na pili mkono wako umezoea kuikimbilia. Burnt Umber na Ultramarine zikichanganywa zinatoa giza zuri kuliko nyeusi yoyote ya tyubu, na unaweza kulielekeza kwenye joto au baridi upendavyo.

Hatua ya kwanza usiguse rangi nyingine. Zimua Burnt Umber kwa tapentaini, paka bao lote wepesi, kisha futa kwa tambara mpaka libaki la kahawia hafifu. Likikauka, chora picha nzima kwa Burnt Umber peke yake, kivuli kikiwa kizito na mwanga ukiwa ule ubao uliofutwa. Kabla ya kufanya hivyo, igeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe kwenye simu yako, uitazame huku umefumba macho nusu. Utaona jambo ambalo rangi zilikuficha: kitambaa cheupe cha meza iliyo nyuma ya mzee kinang'aa kuliko sehemu yoyote ya nyuso. Weupe wako wote wa juu kabisa umeshatumika pale. Uso, hata penye mwanga, upo chini yake kwa ngazi kadhaa. Wewe uliupandisha uso mpaka kwenye weupe wa kitambaa.

Ngozi yetu haing'ai kwa kuwa nyeupe. Kaa karibu na dirisha asubuhi, tazama shavu la mkeo au la mtoto. Ile sehemu inayong'aa imebeba rangi ya anga iliyoko nje, na pembeni yake ngozi inabaki na utajiri wake wote. Kwa hiyo, kwa upande wa dirisha, anza na Burnt Sienna na Burnt Umber kama msingi, kisha sogeza kwa Ultramarine na nyeupe kidogo sana, kiasi cha ncha ya kisu. Kwenye paleti, ubao wa kuchanganyia rangi, mchanganyiko huo utaonekana wa kijivu na utaogopa. Usiogope. Ukishakaa kando ya wekundu wa upande wa moto, utasomeka kuwa ni mwanga wa nje. Kwa upande wa moto, Burnt Sienna na Yellow Ochre, nyeupe karibu hakuna. Pale mianga yote miwili isipofika, chini ya kidevu, ndani ya mkono wa koti, weka Burnt Umber na Ultramarine kwa wembamba mpaka ubao wa chini uonekane kidogo. Kivuli kinene kinakufa. Kivuli chembamba kinapumua.

Nakushauri ufanye kwanza kichwa cha mzee peke yake kwenye kipande kidogo cha bao, kisha mkono wake ulioinua shingo ya banjo, kisha mkono wa mtoto kwenye nyuzi. Vipande hivyo ndivyo shule yako. Picha nzima ije baadaye, na ikichelewa haidhuru.

Neno moja kuhusu mkono wako. Tingatinga na mabango vimekufundisha ukingo safi: rangi hii inaishia hapa, ile inaanzia hapa, hakuna mjadala. Ni ujuzi wa kweli na wengi waliosoma vyuoni hawana. Lakini ndani ya chumba cha Tanner kingo nyingi zinapotea. Angalia bega la mzee kwenye upande wa kivuli linavyoingia ukutani. Rangi za mafuta zinakuruhusu kufanya hivyo kwa sababu hukaa mbichi: weka rangi mbili kando kwa kando, chukua brashi kavu, ipitishe kwenye mpaka mara moja na uache. Kisha chagua sehemu chache za kuziacha kali, kama zile vidole vinapokutana na banjo. Jicho la mtazamaji litaenda huko, na hapo utajua kwa nini wote wawili wanatazama mahali pamoja.

Kuhusu chapa yako ya stesheneri: hakuna skrini wala chapa inayosema ukweli kuhusu rangi. Pata picha za kazi hii kutoka sehemu mbili au tatu uzilinganishe, na zikipingana, fuata mantiki ya mianga miwili.

Mwenzako wa kijiweni anasema ni wizi. Tanner alifariki mwaka 1937, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kwa upande wa sheria huna deni. Kwa upande wa desturi, wachoraji wamejifunza hivi kwa karne nyingi. Degas alinakili ndani ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris, Matisse vilevile. Van Gogh, mwaka 1889 na 1890, akiwa mtu mzima na mchoraji kamili, aliketi kunakili kazi za Millet kutoka kwenye chapa zisizo na rangi, na mojawapo ni ya familia ndani ya nyumba usiku, mama, baba na mtoto kwenye susu, taa katikati. Rangi zote ilibidi azitafute mwenyewe. Mpaka leo Louvre inawapa wachoraji kibali cha kunakili mbele ya picha halisi, kwa masharti: kopi isilingane ukubwa na picha ya asili, na sahihi ya mchoraji wa asili isinakiliwe. Kopi yako ya 55 kwa 40 haiwezi kudhaniwa ni ya Tanner.

Ila mgeni wa hoteli anakuomba jambo jingine kabisa. Anataka uufiche mwanzo wa picha. Hapo mwenzako wa kijiweni angekuwa na haki. Nyuma ya bao andika wazi: "Nakala kutoka kwa Henry Ossawa Tanner, 1893", kisha jina lako na mwaka wako. Akiikubali hivyo, muuzie ukishamaliza vizuri na ikishakauka. Akikataa, mwache aende. Hilo bao la kwanza usimuuzie kwa bei yoyote. Litapasuka ukutani kwake, na jina litakalochafuka Morogoro ni lako.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu ombi lake ndilo zito kuliko yote.

Usimweke babu yako kwenye kiti cha yule mzee. Uso ule umechorwa kwa ajili ya mianga ile miwili: paji lile la uso, mfupa ule wa shavu, zile ndevu. Picha ya kitambulisho imepigwa kwa mwanga wa mbele, haina dirisha wala moto, na ukiibandika pale utapata kichwa kisicho cha mwili wake. Mama ataliona kabla yako. Tena babu yako hakushika banjo. Alishika mpini wa jembe, na mama anajua alivyokaa, alivyoinama, aliweka wapi mguu.

Kwa hiyo mwambie mama kwamba baba yake atapata picha yake mwenyewe, na umwambie lini utaianza: ukishamaliza vipande vitatu nilivyokutajia. Kaa naye akusimulie, uchore kwa penseli anachosema, akusahihishe. Kisha mtafute mjomba wako, ndugu wa mama, kama yupo. Mara nyingi mfupa wa mzee uko kwa wanawe. Mkalishe karibu na dirisha jioni, taa ya njano upande wa pili, kipande cha mti mkononi na kijana wa nyumbani kati ya magoti yake. Chora kutoka kwao, moja kwa moja, simu iwe ya kumbukumbu tu. Kitambulisho kitumie mwishoni, kwa pua na macho. Na anza kwa Burnt Umber peke yake.